Sura ya Tisa: Nyumba ya Pampu Inayopanda Mlima

Fuvu halikuwa na ufa.

Inspekta aliisoma sentensi hiyo ya daktari wa maiti kwa mara ya nne, akafunga faili na kulilaza mapajani. Koplo alikuwa anatafuta kivuli cha kuegesha gari mbele ya Kitengo cha Vipimo vya Mlima, jengo la ghorofa tatu lililopakwa chokaa upande wa barabarani tu.

"Afande, bado unalichumbia hilo faili?"

"Nyundo anasema alimpiga mdogo wake kichwani mara tatu. Kaandika kwa mkono wake, akaweka na dole gumba."

"Ndiyo maana wanamwita Nyundo."

"Wanamwita Nyundo kwa sababu anachonga mawe. Kichwa cha marehemu ni kizima kama yai, Koplo. Kilichovunjika ni mguu."

Koplo alizima injini. "Labda alilenga vibaya."

"Mara tatu?"

Walikuwa ndugu wawili wa mama mmoja. Mdogo, aliyeitwa Kamba, alikuwa mbeba vifaa wa Kitengo: kamba, rangi, vigingi, chochote kilichopaswa kufika juu mlimani. Miaka minane iliyopita, akiwa na umri wa miaka ishirini na sita, alitoweka. Mapema mwaka huu kaka yake alikuwa akichimba mawe ya kuchonga mlimani, akakutana na buti, na ndani ya buti mguu. Barafu iliyojificha katikati ya mawe ilikuwa imemhifadhi Kamba vizuri kiasi kwamba mama yao, alipoitwa kumtambua, aliona uso wa kijana wa miaka ishirini na sita, ndevu zikiwa bado hazijajaa kidevuni.

Nyundo alikimbia mwenyewe hadi kituo cha polisi kutoa taarifa. Hakutoka tena.

Kilichomfunga kilikuwa rahisi. Mahali maiti ilipolala ndipo palipokuwa shimo lake la kazi miaka minane nyuma; ramani ya zamani ilionyesha hivyo. Halafu akakiri. Jaji angesoma hukumu Ijumaa, na kwa kosa lile hukumu ilikuwa moja tu, ya kamba shingoni. Leo ilikuwa Jumatano.

Kabla ya kukiri, Nyundo alikuwa ametoa maelezo mengine, mafupi, ambayo askari wa zamu aliyaandika kwa kejeli. Inspekta alikuwa ameyapigia mstari kwa penseli: *Shimo langu lilifunikwa. Mawe yalikuja juu yake. Yanatembea.* Chini yake askari alikuwa ameongeza: *Mtuhumiwa anajifanya kichaa.*

Profesa aliwapokea ghorofa ya tatu. Alikuwa mtu msafi, kucha zimekatwa, shati limenyooka. Alimtazama Koplo viatu kabla hajamtazama uso.

"Nilishatoa ushahidi mahakamani," alisema. "Lakini karibuni. Huwa napenda kufundisha, hata wanafunzi wagumu."

"Nifundishe basi," Inspekta alisema, akivuta kiti bila kuombwa. "Taratibu, kama unamfundisha mtoto."

"Sitakuwa na budi."

Aligeuza skrini ya kompyuta upande wao. Kulikuwa na picha ya mlima uliopakwa rangi kama kanga iliyochujuka. Profesa akaeleza, na alieleza vizuri. Hilo Inspekta hakumnyima. Juu ya mlima kuna marundo ya mawe yenye barafu ndani, yaliyonyooka kuelekea bondeni kama ndimi. Baadhi hutambaa, sentimita kadhaa kwa mwaka, mengine mita. Mtu akisimama juu yake haoni kitu. Lakini setilaiti hupita kila baada ya siku kumi na mbili, hutupa mawimbi ya rada na kuyapokea yakirudi. Ukilinganisha mapito mawili, unajua kila kipande cha ardhi kimesogea kiasi gani, mpaka milimita.

"Bluu inasogea kuja kwa setilaiti. Nyekundu inakwenda mbali nayo, yaani inateremka. Kijani imetulia." Aliweka mkono juu ya kitabu kinene kilichojaladiwa kwa ngozi. "Humu mna ndimi hamsini na saba, kila moja na mwendo wake. Ni kazi ya maisha yangu. Ndiyo iliyonipa hiki cheo."

"Na ulimi alimokutwa Kamba?"

"Namba thelathini na moja. Umetulia. Umekufa, kwa lugha yetu. Kilichofukiwa pale kimekaa palepale kilipofukiwa. Hayo ndiyo niliyomwambia Jaji."

"Rada inajuaje nani katulia na nani anatembea, wakati yenyewe iko angani inakimbia?"

Kwa mara ya kwanza Profesa alimtazama vizuri. "Swali zuri kwa askari. Unachagua kitu kimoja usichokuwa na shaka nacho, mwamba mgumu. Unakiita sifuri. Vingine vyote unavipima kwa kukilinganisha nacho."

"Wewe ulichagua nini?"

"Kisanduku changu cha chuma. Mabati matatu yameungwa kona, yanaakisi rada kama kioo. Kimesimikwa kwa zege, juu ya mwamba imara, pembeni mwa thelathini na moja."

Koplo alikohoa. "Samahani, Profesa. Hicho kisanduku jana tumekiona. Nyundo alikuwa anachimba akiingia ndani kwa ubavuni, na maiti ilikuwa mita mbili chini ya hicho kisanduku. Kilikuwa juu yake kama kofia. Sasa mwamba imara unachimbwaje kwa sururu?"

"Koplo, wewe ni mpishi wa chai au mtaalamu wa miamba?"

"Chai yangu wanaisifia."

Inspekta hakucheka. Alitoa picha aliyoipiga jana yake mlimani na kuiweka mezani. Ilikuwa inaonyesha mstari wa rangi nyekundu uliopakwa juu ya mawe, kutoka ukingo mmoja wa ulimi hadi mwingine. Kingoni mstari ulikuwa palepale. Katikati ulikuwa umeteremka, umepinda kama upinde uliovutwa.

"Aliuchora Kamba," alisema. "Mama yake anayo barua aliyomwandikia: *Nimepiga mstari wa rangi, umenyooka kama rula. Tutaona kama utabaki umenyooka.* Haukubaki."

"Kamba alikuwa mlevi. Mlevi hupiga mstari jinsi anavyotembea."

"Mama yake anasema hakuwahi kunywa."

"Mama zao wote husema hivyo."

Inspekta alikivuta kitabu. Alipindua kurasa taratibu, kwa ncha ya kidole. Kila ulimi ulikuwa na picha yake ya rada, na kila picha ilikuwa na nafasi ya kutosha pembeni, mabonde na vilima vikionekana. Ukurasa wa thelathini na moja haukuwa hivyo. Picha yake ilikuwa imekatwa karibu sana, ukingoni kabisa mwa ulimi, kama picha ya pasi ya kusafiria. Yote kijani.

"Hii mbona umeinyoa?"

"Nafasi ya ukurasa."

"Una nakala nzima?"

"Zilipotea. Diski iliungua."

Alipindua ukurasa mmoja zaidi. Thelathini na mbili ulikuwa ulimi jirani, na picha yake ilikuwa pana kama za wengine. Kwenye kona ya chini kushoto kulikuwa na kijimraba cheupe kwenye kilima, kimeandikiwa kwa herufi ndogo: *nyumba ya pampu*. Kijimraba kilikuwa ndani ya bluu. Na si hicho tu. Kilima kizima kilikuwa bluu, mwamba wote wa upande ule, bluu ileile moja kama imepakwa kwa brashi.

"Picha hii na ile ya thelathini na moja ni za mapito yaleyale? Tarehe ni moja."

"Ndiyo. Ni picha moja, imegawanywa."

"Na sifuri ni ileile? Kisanduku?"

"Ileile."

"Bluu ni kuja kwa setilaiti. Kwa hiyo hii nyumba ya pampu inapanda." Alisoma namba iliyokuwa pembeni, wastani wa miaka minane. "Mita moja na nusu kwa mwaka. Inapanda mlima."

"Ni hitilafu ya hewa. Mvuke hupotosha mawimbi."

"Miaka minane mfululizo, mvuke uleule? Koplo, mpigie yule mzee wa pampu tuliyemkuta jana. Weka kipaza sauti."

Simu iliita sana. Sauti iliyojibu ilikuwa ya mtu aliyezoea kupiga kelele juu ya mashine.

"Nani?"

"Shikamoo, mzee wangu. Ni Koplo, yule wa jana. Nyumba ya pampu iko palepale?"

"Marahaba. Palepale wapi?"

"Palepale ilipokuwa zamani. Haijahama?"

"Mwanangu, umekula leo?"

"Bado, mzee."

"Nenda ukale. Nyumba imebanwa kwenye mwamba kwa boliti. Mabomba hayajawahi kukatika tangu naanza kazi hapa, na nimeanza nikiwa na meno yote. Ihame iende wapi? Ikaoe?"

Inspekta aliinamia simu. "Mzee, ni Inspekta. Unaikumbuka siku ile kisanduku cha Profesa kilipomwagiwa zege?"

"Naikumbuka mno! Yule mbeba kamba alikuja kwangu kuchota maji ya zege. Ndoo mbili zangu, za bati, mpya. Akaenda na kurudi, mara kumi na moja. Ya mwisho hakurudi. Na ndoo sikuziona. Profesa akaja jioni, nikamuuliza, akasema kijana kakimbia kazi. Nikamlaani. Mungu anisamehe, nimemlaani miaka minane kwa ajili ya ndoo."

"Ilikuwa tarehe ngapi?"

"Waliandika wenyewe juu ya zege likiwa bichi. Kaone."

Inspekta hakuhitaji kwenda. Alikuwa ameipiga picha jana: tarehe kumi na nne, imechorwa kwa kijiti. "Kwa nini hukuyasema haya mahakamani?"

"Nani aliniita? Waliniuliza kama maji yatatoka Jumapili. Nikasema yatatoka."

Koplo alikata simu. Inspekta alifungua faili kwenye orodha ya vitu vilivyokutwa na maiti na kusoma kwa sauti isiyopanda wala kushuka. "Buti, jozi moja. Mkanda. Kipini cha waya cha ndoo ya bati. Saruji iliyoganda kwenye viganja vyote viwili na chini ya kucha. Mwendesha mashtaka alisema ni ndoo ya Nyundo. Nyundo hana ndoo ya bati, na hatumii saruji. Anachonga."

Profesa alikivuta kitabu chake, akakifunga.

"Hesabu yangu ni ya shule ya msingi, utanirekebisha. Nyumba ya pampu imebanwa kwenye mwamba, haiendi popote. Ukiitazama kutoka kwenye kisanduku, inapanda mita moja na nusu kwa mwaka. Basi kisanduku ndicho kinachoteremka. Uliisimika sifuri yako juu ya ulimi wenyewe. Ulimi ukaonekana umetulia, na dunia nzima pembeni yake ikaonekana inakimbia. Ndiyo maana ukanyoa picha. Ukasahau kona ya jirani."

"Kosa la kitaalamu," Profesa alisema. "Watu hufanya. Nitaandika masahihisho."

"Mita moja na nusu mara miaka minane. Ni mita kumi na mbili. Mawe yalilifunika shimo la Nyundo kama alivyosema, na yalikuja na mdogo wake ndani. Mita kumi na mbili juu ya pale alipokutwa, miaka minane nyuma, ndipo ulipochimba msingi wa kisanduku. Mahakamani uliapa ulimwona Kamba mara ya mwisho tarehe kumi na tatu, akielekea kwa kaka yake. Mzee wa pampu alimwona tarehe kumi na nne, akikubebea maji."

Koplo alikuwa ameshasimama karibu na mlango. Hakuna aliyemwambia.

Profesa alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akairudisha. Alipoongea ilikuwa ni sauti ileile ya kufundisha.

"Unajua alifanya nini? Wageni walikuja kutoka mbali kukikagua hiki kitabu kikiwa bado rasimu. Mimi nimeandika thelathini na moja umetulia. Yeye akawapeleka kwenye mstari wake wa rangi. Msimu mmoja tu ulikuwa umepita, nao mstari umepinda kiasi cha mkono. Akawaambia, mbele yangu, anacheka: Profesa hajawahi kufika huku juu, hivi vitu anaviandika akiwa kitini. Mbeba kamba. Kidato cha nne cha kuungaunga."

"Na alikuwa sahihi."

"Hilo halihusiani."

"Ulimsukuma?"

"Aliteleza. Alikuwa shimoni ananyoosha kingo, jiwe likabingirika likamvunja mguu. Mimi sikumgusa." Alitazama mikono yake safi. "Akaomba nimvute. Zege lilikuwa tayari. Zege halingoji, Inspekta. Likishachanganywa, saa moja na nusu."

"Alikuwa hai ulipoanza kumwaga."

"Alikuwa anaongea. Siku zote alikuwa anaongea sana."

Koplo alitoa pingu na kumshika Profesa mkono.

"Kuna jambo moja hamjalieleza," Profesa alisema alipokuwa akifungwa, kana kwamba anasahihisha mtihani. "Kaka yake alikiri. Nilikuwa mahakamani, nilimsikia. Sikumlipa, sikumtisha, sijawahi hata kumsalimia. Mtu mzima na akili zake anakirije asichokifanya? Mtakapomaliza na rada yangu, nendeni mkampime huyo."

Mama yao alikuwa fundi cherehani. Alikaa kwenye chumba kimoja nyuma ya karakana ya baiskeli, na cherehani lake lilikuwa mlangoni ili apate mwanga. Alipowaona hakuacha kukanyaga.

"Shikamoo, mama," Inspekta alisema.

"Marahaba. Ijumaa nitakuja. Nilishawaambia nitakuja. Nataka nimwone akisomewa."

"Mama, simamisha mashine kidogo."

"Nina sare za watu hapa."

Inspekta alichuchumaa, akashika gurudumu la cherehani kwa mkono. Sindano ikasimama katikati ya kola. Akamweleza. Hakumweleza habari za rada wala bluu wala kijani. Alisema mawe yalitembea. Alisema aliyemfukia Kamba ni Profesa na amekamatwa leo saa sita na dakika chache, na maelezo yake yako kwa mwendesha mashtaka. Alisema Nyundo hakufanya kitu. La zege hakulisema. Alikuwa ameamua hivyo wakiwa kwenye gari, na Koplo alikuwa amekubali kwa kichwa.

Mama aliendelea kuitazama kola.

"Alisema mwenyewe," alisema. "Nyundo. Alisema."

"Najua. Ndilo nililokuja kukuuliza. Alisema kwanza kwa nani? Kwa polisi?"

"Kwangu."

"Wapi?"

"Huko mahabusu. Nilimpelekea sabuni." Alianza kuung'oa uzi kwa ukucha, mshono baada ya mshono, mshono mzuri usiokuwa na kosa. "Miaka minane nilikuwa sijui mwanangu yuko wapi. Mlango ukigongwa naamka. Mbwa akibweka naamka. Halafu wakanionyesha yule mtoto, vilevile, kama nimemtuma dukani jana. Nikamwendea kaka yake. Nikamwambia, wewe sema tu. Shimo ni lako, sema. Nijue, nipumzike. Nikamwambia, baba, mimi ni mama yako, ukisema nitakusamehe."

"Akasema."

"Alikataa mara mbili. Nikalia. Nilipolia akasema."

"Ukamsamehe?"

Mama alimaliza kuing'oa kola. Ilibaki mkononi mwake imejitenga na shati, na alikuwa anaikunja na kuikunjua.

"Nilimtemea mate. Usoni, mbele ya askari wote. Nikamwambia wakishamnyonga nisiletewe hata nguo zake."

Nje Koplo alikuwa ameshawasha gari. Gereza lilikuwa mwendo wa dakika arobaini, na Inspekta alikuwa na karatasi ya ruhusa ya kumwona Nyundo mfukoni, ya watu wawili.

"Vaa viatu, mama. Twende."

Mama hakusogea. "Hakufuta," alisema. "Mate yalikuwa yanamshuka, hakufuta. Aliniangalia tu, akaniuliza, 'Mama, sasa utalala?'"